City ya daraja la tatu haikuokolewa na Dickov

Katika vibanda vya kuonyeshea mpira, kuanzia Tandale hadi Kisauni, shabiki wa Manchester City anazijua kejeli kabla hajavuta kiti: timu ya hela, timu isiyo na historia, wewe umeanza kuipenda lini? Wenye majibu hutoa simu na kuonyesha bao la Paul Dickov pale Wembley, Mei 30, 1999, dakika ya tano ya muda wa majeruhi. Bao lile lilisawazisha 2-2 dhidi ya Gillingham, City ikashinda kwa penalti na kuaga daraja la tatu la soka ya Uingereza. Hadithi huishia hapo. Mtu mfupi kapiga shuti, klabu ikapona.

Hadithi tamu, ila imemvisha Dickov sifa zilizo za watu wengine. City ilibebwa na watu ambao hawakuwa na timu nyingine ya kukimbilia, na kwa jinsi timu zetu za mikoani zinavyoshuka na kusahaulika, hilo ndilo linalostahili mjadala kuliko lile shuti.

Anguko lenyewe lilijaa vituko. Mei 5, 1996, siku ya mwisho ya Ligi Kuu, City ilikuwa nyumbani, Maine Road, ikicheza na Liverpool. Ilikuwa imefungwa mawili ikayarudisha yote. Benchi la kocha Alan Ball likapenyezewa habari kwamba matokeo ya viwanja vingine yanawabeba na sare inatosha. Amri ikatoka: chelewesheni mpira. Steve Lomas akaupeleka kwenye kibendera cha kona na kuulinda huko. Habari ile ilikuwa ya uongo. Aliyeshtuka ni Niall Quinn, mshambuliaji aliyekuwa ameshatolewa. Alitoka mbio hadi pembeni ya uwanja kuwapigia kelele wenzake kwamba lazima wapate bao jingine. Halikupatikana, na City ikashuka kwa tofauti ya mabao.

Huko chini mambo yakawa mabaya zaidi. Ball aliondoka Agosti. Steve Coppell alikuja Oktoba akajiuzulu baada ya siku 33. Makocha wa muda wakapokezana, kisha Frank Clark, kisha, Februari 1998, Joe Royle. Mwenyekiti Francis Lee, mfungaji hodari wa kikosi kilichotwaa ubingwa wa 1968, alikuwa amepokewa kishujaa mwaka 1994. Mwezi mmoja baada ya Royle kufika, naye akafunga virago huku mashabiki walewale wakiwa wamemchoka. Royle alikuta wachezaji wa kulipwa zaidi ya 50. Kila kocha alisajili wake, akafukuzwa, akawaacha kwenye orodha ya mishahara. Msomaji anayefuatilia usajili wa dirisha dogo huku kwetu hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Halafu kuna Jamie Pollock. Aprili 25, 1998, City ilikuwa na QPR, timu iliyokuwa nayo kwenye tope lilelile. Pollock aliuwahi mpira karibu na eneo lake la hatari, akaunyanyua juu ya mchezaji wa QPR, akaufuata, kisha akaupiga kichwa kumrudishia kipa wake Martyn Margetson. Mpira ukampita Margetson hadi wavuni. Laiti angefanya ufundi ule kwenye lango la pili, leo ungeonyeshwa kwa watoto wa akademia. Mechi iliisha 2-2. Wiki moja baadaye City iliichapa Stoke 5-2 ugenini na bado ikashuka, kwa sababu Portsmouth na Port Vale nazo zilishinda siku hiyo. QPR ilibaki kwa pointi moja tu.

Basi klabu iliyochukua Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1970 ikawa inapanga safari ya Macclesfield, mji mdogo jirani ambao timu yake ilikuwa imeingia kwenye ligi ya kulipwa mwaka mmoja tu nyuma. Bodi mpya chini ya David Bernstein ilikuwa na kazi ya kupunguza watu na kubana matumizi. Georgi Kinkladze, fundi wa Georgia ambaye mashabiki walimpenda kupita kiasi, aliuzwa Ajax. Waliobaki na walioletwa walikuwa watu wa kazi: Shaun Goater kutoka Bermuda, aliyenunuliwa Bristol City kwa pauni 400,000, na Andy Morrison, beki aliyetoka Huddersfield kwa pauni 80,000 na kukabidhiwa kitambaa cha unahodha. Wapenda mpira mtamu walinung'unika. Royle hakuwasikiliza, na alikuwa sahihi.

Sasa tuje kwenye mlango wa uwanja. Agosti 8, 1998, mechi ya kwanza ya City katika daraja la tatu tangu klabu izaliwe, watu zaidi ya 32,000 waliingia Maine Road kuitazama ikicheza na Blackpool. Mtu angesema hiyo ni huruma ya siku ya kwanza, itapoa. Haikupoa. Desemba 19 City ilifungwa 2-1 na York, ikateremka hadi nafasi ya 12, mahali pa chini kuliko pote ilipowahi kufika. Siku tisa baadaye, dhidi ya Stoke, Maine Road ilipokea watu zaidi ya 30,000. Wastani wa msimu mzima ulipita 28,000. Southampton, iliyokuwa Ligi Kuu msimu huohuo, ilikuwa na uwanja wa watu 15,000 na ushei.

Wapo wanaopenda kutaja usiku wa Desemba 8, Mansfield iliposhinda 2-1 Maine Road mbele ya watu 3,007. Ni kweli, ila lile lilikuwa kombe la timu za madaraja ya chini ambalo hakuna aliyelitaka, na City ilichezesha kikosi cha akiba. Watu wa City hawakuwa wajinga. Walijua mechi ipi ina maana na ipi ya kukaa nyumbani wakinywa chai.

Kwa nini hawakuondoka? Wengi hujibu kwa neno moja, mapenzi, na kuishia hapo. Mapenzi yapo kila mji. Tofauti ni kwamba kilomita chache kutoka Maine Road kulikuwa na Old Trafford, na msimu uleule Manchester United ilikuwa inakusanya makombe matatu: ligi, FA na Ulaya. Fainali ya Ulaya ilichezwa Barcelona Mei 26, siku nne kabla ya City kukutana na Gillingham. Mtu wa City hangeweza kusema, ngoja niishabikie ile ya pili mpaka ya kwangu ipande. Ile ya pili ilikuwa ya mtani, anakutana naye kazini Jumatatu asubuhi. Kila kombe la United liliwafanya wa City wazidi kung'ang'ania kilicho chao, hata kama kilikuwa cha kucheza na Wycombe.

Kwetu mlango wa kukimbilia uko wazi muda wote. Msimu wa 2015/16 mkoa wa Tanga uliandika historia ambayo hakuna mkoa ungeitaka: Coastal Union, African Sports na Mgambo JKT zote tatu zilishuka Ligi Kuu kwa mpigo. Coastal ni bingwa wa Tanzania Bara wa 1988, na African Sports nayo iliutwaa ubingwa wa ligi ya Muungano mwaka huohuo. Tanga si mji wa kufundishwa mpira. Lakini mkazi wa Ngamiani aliyeumia Jumamosi alikuwa na Simba au Yanga ya kumpoza Jumapili. Wengi wetu tumezaliwa na timu mbili, ya mkoa na ya Kariakoo, na ya mkoa ikizama hatulali njaa. Huo si usaliti. Ni malezi, ni redio iliyokuwa ikitangaza mechi za Dar es Salaam tangu babu. Matokeo yake ni kwamba timu ikishuka, mapato ya mlangoni hushuka nayo siku hiyohiyo, na kiongozi hubaki na basi bovu na wachezaji wanaodai.

Turudi Wembley, kwa ufupi, maana picha zile kila mtu anazo. Dakika ya 87 Gillingham ilikuwa inaongoza 2-0 na sehemu ya mashabiki wa City ilishaanza kuteremka ngazi kutoka nje. Kevin Horlock akafunga la kwanza dakika ya 90. Bao la Dickov lilimpita kipa Vince Bartram, rafiki yake wa tangu enzi za Arsenal, ambaye alisimama kama msimamizi kwenye harusi yake. Ambacho simu za vibandani hazionyeshi ni kwamba katika penalti Dickov alikosa; mpira wake uligonga mwamba mmoja ukaenda kugonga wa pili na kukataa kuingia. Kazi ilimalizwa na kipa Nicky Weaver, kijana wa miaka 20, aliyeokoa mbili.

Na kama Weaver asingeokoa? Hapo ndipo nadharia ya muujiza inapoanza kuchuja. Gillingham waliolia siku ile walirudi Wembley mwaka uliofuata, wakashinda mechi hiyohiyo ya mchujo na kupanda. Wao hawakuwa na watu 28,000. City iliyokuwa na mlango ule ingepata nafasi nyingine, na nyingine tena. Pengine ingechelewa, pengine ingeuza wawili watatu zaidi, lakini hesabu za mlangoni zingekuwa zinaitetea.

Timu bora kwenye ligi ile wala haikuwa City. Fulham ilichukua ubingwa kwa pointi 101 chini ya Kevin Keegan, ikiendeshwa kwa fedha za Mohamed Al-Fayed, tajiri wa Misri. Kwa hiyo mwaka 1999, katika daraja lile, timu ya hela ilikuwa nyingine. Keegan baadaye akaja City, na mwaka 2002 akairudisha Ligi Kuu ilikokuwa imeshuka tena.

Mwaka huo wa 2002 Manchester iliandaa Michezo ya Jumuiya ya Madola, na baada ya michezo halmashauri ya jiji ilikuwa na uwanja mkubwa unaohitaji mpangaji wa kuujaza. City ikahamia 2003. Waliofuata, Thaksin Shinawatra wa Thailand mwaka 2007 na Abu Dhabi mwaka 2008, walinunua klabu iliyokuwa na uwanja mpya na watu wa kuukalia. Mwenye hela hanunui majonzi ya watu, anaangalia viti. York nayo ilishuka mwishoni mwa msimu uleule, na mwaka 2004 ikatoka kabisa kwenye ligi ya kulipwa. Macclesfield ilimaliza ya mwisho, ikaendelea kuchechemea, na mwaka 2020 mahakama ikaifunga kwa madeni. Hakuna sheikh aliyepiga simu.

Mwanza ina sababu ya kuisoma habari hii taratibu. Pamba ilishuka mwaka 2001 na ikasota hadi 2024 kurudi Ligi Kuu, safari hii kwa jina la Pamba Jiji na ikiwa chini ya mwavuli wa halmashauri. Mbeya City, nayo mtoto wa halmashauri, ilipanda 2013, ikamaliza ya tatu msimu wake wa kwanza na kuujaza Uwanja wa Sokoine. Ikashuka 2023, ikarudi 2025. Halmashauri imetatua mshahara na basi. Haijatatua Jumamosi ya mvua dhidi ya timu isiyo na jina, jukwaa likiwa na wake wa wachezaji na askari.

Kuna jambo ambalo klabu hizi zingeweza kulijaribu msimu ujao bila kusubiri mfadhili. Simba au Yanga ikija CCM Kirumba, tiketi hugombaniwa na mji mzima, na jukwaani rangi za mgeni huwa haziko nyuma. Klabu za Uingereza huwapa kipaumbele cha tiketi za mechi kubwa wale waliohudhuria zile ndogo. Pamba iuze kadi ya msimu kwa bei ya mama muuza dagaa wa Kirumba, kadi igongwe muhuri kila mechi, na siku ya Simba wa kwanza kuingia wawe wale wenye mihuri ya Namungo na Mashujaa. Wengine wakipata nafasi iliyobaki, sawa. Wakikosa, wana vibanda.