WA MUEDA WANA SIKU YAO, WA JANUARI HAWANA



Tarehe 16 Juni 1960, katika mji wa Mueda, kaskazini ya Msumbiji, umma wa Wamakonde ulikusanyika mbele ya boma la Mreno. Haukuja kupigana. Ulikuja kwa kuwa uliitwa kusikiliza jibu la Gavana wa Cabo Delgado, aliyetoka Porto Amélia, mji ambao leo waitwa Pemba. (Wasomaji wetu wa kisiwani watalitazama jina hilo mara mbili.) Watu walitaka uhuru, na ndugu zao waliohamia Tanganyika waweze kurejea kwao pasi na bughudha. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliovuka Ruvuma kuyasema hayo kwa ulimi, walitiwa mbaroni. Umma ulipoizuia gari iliyowachukua, askari waliokuwa wamefichwa karibu wakafyatua risasi.

Sisi wa pwani hii watu hao hatukuwajua kwa kuhadithiwa. Wamakonde waliokimbia shokoa ya Mreno na pamba ya kulazimishwa ndio waliokata mkonge katika mashamba ya Tanga, na wengine wakavuka hadi Unguja na Mombasa. Katika vyama vyao vya ugenini ndimo ilimozaliwa MANU, nayo MANU ikaungana na wenziwe Dar es Salaam mwezi wa Juni 1962 ikawa FRELIMO.

Wangapi walikufa Mueda? FRELIMO ilisema kiasi cha 600. Wakubwa wa Kireno walitaja wachache mno, na wataalamu wa baadaye nao wamebishana. Ubishi wa namna hiyo si mgeni kwetu Afrika Mashariki. Tarehe 16 Machi 1922 watu walisimama nje ya kituo cha polisi Nairobi wakitaka Harry Thuku afunguliwe. Wakapigwa risasi, akafa Muthoni Nyanjiru pamoja na wengine. Serikali ya Mwingereza ikasema waliokufa ni 21, na wenyeji wakasema ni zaidi. Dola iliyoua hupenda sana mjadala uwe wa hesabu, kwa kuwa anayebishana juu ya idadi hana tena nafasi ya kuuliza nani aliyetoa amri.

Hata hivyo wa Mueda walipata haki moja. Msumbiji ilipokwisha jitawala, tarehe 25 Juni 1975, haikuwasahau. Fedha yake mpya, metikali, ilitolewa tarehe 16 Juni 1980, siku ile ile, ili kila anayeishika aikumbuke. Serikali yetu ya Tanzania, iliyowapa wapigania uhuru wale makazi, iliwasifu mashahidi hao, nasi hatuna neno juu ya sifa hizo. Walistahili.

Neno letu ni hili. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, Waislamu na wasio Waislamu, wake kwa waume, walitoka katika miji ya Pemba na katika mji wa Unguja. Walitaka uchaguzi wa Oktoba 2000 urudiwe, na tume ya uchaguzi iwe huru. Maandamano yalikuwa yamepigwa marufuku. Wete, Chake Chake, Micheweni na Unguja risasi zikalia. Tume ya Mbita, iliyoundwa na serikali yenyewe baada ya muafaka wa tarehe 10 Oktoba 2001, ilitaja maiti 31. Shirika la Human Rights Watch likataja 35 kwa uchache, na majeruhi zaidi ya 600. Askari mmoja naye aliuawa Micheweni, nasi hatulifichi hilo. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari hadi Shimoni, hapo kaskazini yetu, wakaitwa wakimbizi kutoka nchi iliyozoea kupokea wakimbizi wa wenzake.

Je, siku yao iko wapi? Noti yao iko wapi? Hata jiwe lenye majina yao hatujaliona likisimamishwa na serikali, wala hatujasikia aliyetoa amri akisimamishwa kizimbani.

Tunajibiwa kwamba Mueda aliyeua alikuwa Mreno, mgeni na mkoloni, ilhali ya Januari ni siasa za vyama, na anayezitaja atonesha kidonda. Ajabu ya maneno! Mjane wa Micheweni aulizwe kama risasi iliyomfisha mumewe ilimpunguzia uchungu kwa kuwa aliyeipiga ni mwananchi mwenziwe. Kidonda kisichooshwa hakitoneshwi na anayekitaja. Kinaoza kwa sababu ya anayekifunika. Na wanaotwambia tusahau Januari ndio hao hao wanaotufundisha skulini tuwakumbuke wa Sharpeville, watu 69 waliouawa tarehe 21 Machi 1960. Kumbe kumbukumbu ni faradhi aliyeua akiwa kwa jirani, na ni uchochezi aliyeua akiwa nyumbani?

Tawi la Moa limeazimia kufungua daftari. Kila mwanachama aliyefiwa au kujeruhiwa siku zile, awe Pemba, Unguja, Tanga au Vanga, amwandikishe mtu wake kwa jina kamili, jina la baba yake, mtaa au kijiji, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Asiyejua kuandika atamke, ataandikiwa. Wavuvi wa dago wanaorejea visiwani msimu huu watachukua karatasi kwa katibu wa tawi na kuzirudisha zimejazwa kabla ya Januari.