Hofu ya Ghafla Yahitaji Jina Lake

Kiswahili hakina ukata wa maneno ya hofu. Kuna woga, fadhaa, kihoro, kiwewe na taharuki. Kuna kutokwa na jasho jembamba na kukaukiwa na mate. Hata hivyo, mwanafunzi anayeshikwa ghafla katikati ya mtihani, moyo ukamdunda, vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haba na akasadiki kwamba anakata roho, hana jina moja la kumpa daktari wala mwenzake wa bwenini. Wenzake ndio wenye majina tele: ana majini, karogwa, anajitia, hakusoma.

Wapo wanaofasiri istilahi ya Kiingereza neno kwa neno wakapata "shambulio la hofu". Tafsiri hiyo ina ila. Shambulio halikosi mshambulizi, na anayeambiwa kashambuliwa atamsaka adui: jirani, mzimu au moyo wake mwenyewe. Taharuki nayo imekwisha kutwaliwa na wahakiki kwa maana ya kumtia msomaji hamu ya kujua yajayo. Ama kiherehere cha moyo, ingawa ni usemi mzuri, anayelalamika leo kuwa ana kiherehere ataambiwa aache kujipendekeza. Kiwewe ndicho chenye haki zaidi, kwa kuwa kinabeba hofu pamoja na kuchanganyikiwa. Kikiongezewa "cha ghafla" kitatengana na kile kiwewe kinachodumu miaka baada ya ajali au vita.

Jina pekee halitoshi bila maelezo ya kinachotendeka. Ubongo hupiga mbiu ya hatari pasipo hatari. Adrenalini humwagika damuni, moyo huenda mbio, misuli hukazana na mtu huanza kuhema. Kuhema huko kwa kasi huipunguza mno hewa ya kaboni iliyomo damuni, na hapo ndipo kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole hutokea. Mwenye kushikwa huzisoma dalili hizo kama ushahidi wa kifo, akazidi kuogopa, akazidi kuhema. Aghalabu kilele hufikiwa katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hali hushuka yenyewe, mara nyingi kabla ya nusu saa kwisha. Haiui. Ila maumivu ya kifua yanayomjia mtu kwa mara ya kwanza sharti yachunguzwe hospitalini, kwani maradhi ya moyo na pumu huweza kuleta dalili zinazofanana na hizo.

Katika mabweni, dawa inayotolewa kwa wingi ni neno "jikaze". Ni ushauri wa kinyume kabisa, maana huyo anayeambiwa ajikaze amekwisha kukazana mwili mzima. Anachohitaji ni kulegea: kuvuta pumzi polepole kwa puani akihesabu hadi 4, na kuitoa akihesabu hadi 6. Ule mtindo wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi hauna budi kuachwa, kwa sababu ni hatari kwa mwenye pumu au maradhi ya moyo. Rafiki naye asiite umati wala asimwagie mtu maji. Akae kando yake, aseme kwa sauti ya chini kwamba hali itapita. Hali kadhalika, miraa na kahawa za kukesha nazo msimu wa mitihani huchochea moyo ambao tayari una wasiwasi.

Gumu zaidi ni kutoroka. Anayetoka mbio ukumbini hupata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo mtego, kwani akili hujifunza kwamba ukumbi ndio uliokuwa hatari. Kesho ataogopa matatu, keshokutwa soko, hatimaye asitoke chumbani. Tiba ya mazungumzo inayomrejesha mtu hatua kwa hatua mahali anapopaogopa imewafaa wengi, na dawa za kumeza zipo kwa wanaozihitaji.

Yote haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili? Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), ambayo mhusika wake mkuu ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayeishia kujiua, imehakikiwa mno kwa miwani ya udhanaishi, na si vibaya. La kushangaza ni kwamba darasa linaloweza kuijadili dhiki ya Kazimoto kwa saa mbili hukosa la kumwambia aliyeketi kiti cha nyuma akitetemeka. Semina moja ya istilahi ingetosha kulitengeneza jina na maelezo yake kwa Kiswahili fasaha, yakabandikwa mabwenini na katika zahanati ya chuo. Naye mhadhiri anayesimamia mtihani hahitaji kungoja semina hiyo: anaweza kumruhusu aliyeshikwa akae karibu na mlango, apumue, kisha airudie karatasi yake.