Fimbo Ipo, Nidhamu Iko Wapi?

Bweni likiungua, mwanafunzi akimjibu mwalimu jeuri, matokeo ya kidato cha nne yakitoka mabaya, hukosi kusikia kauli ile ile: watoto wa siku hizi wameharibika kwa kuwa walimu wamenyang'anywa fimbo. Anaisema mbunge, anaisema balozi wa nyumba kumi, anaisema abiria wa kiti cha nyuma kwenye daladala, na waliobaki wanatikisa vichwa kukubali. Wakosaji nao wanatajwa: haki za watoto, mashirika, Wazungu. Kauli hii ina kasoro moja tu. Hapa Tanzania hakuna aliyewanyang'anya walimu fimbo.

Kanuni za Elimu kuhusu adhabu ya viboko, zilizotolewa mwaka 2002 kwa Tangazo la Serikali Na. 294, zinairuhusu adhabu hiyo waziwazi. Zilizozitangulia, za 1979, ziliiruhusu pia. Sheria ya Mtoto ya 2009, inayotuhumiwa kuwalegeza watoto, haikuifuta. Ilikataza ukatili na adhabu iliyopita kiasi, ikaacha mlango wa kumrekebisha mtoto ukiwa wazi. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka wa uhuru aliikuta fimbo shuleni, na mjukuu wake naye ameikuta. Kwa hiyo anayetaka turudishe fimbo anadai arudishiwe kitu alichokishika mkononi. Na kama miaka yote hii fimbo imekuwepo na bado analalamika kwamba nidhamu imekwisha, basi ushahidi dhidi ya fimbo ameuleta mwenyewe.

Najua jibu litakalofuata: fimbo ipo, lakini imewekewa masharti mno, mwalimu anaogopa. Hebu tuyatazame hayo masharti, maana wengi wanaoyalaumu hawajawahi kuyasoma. Viboko ni kwa kosa kubwa au utovu mkubwa wa nidhamu. Adhabu izingatie uzito wa kosa, umri, jinsi na afya ya mwanafunzi. Visizidi vinne kwa mara moja. Apigwe mkononi au matakoni juu ya nguo, kwa kifimbo chepesi chenye kunyumbulika. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa pale shule inapokuwa haina mwalimu wa kike. Na kila mara jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko na jina la aliyechapa viandikwe kitabuni.

Sasa fika kwenye shule ya kata saa moja na nusu asubuhi. Wachelewaji wamepangwa mstari nje ya ofisi ya walimu. Mwalimu wa zamu ana fimbo ya mpera au kipande cha bomba la maji. Mvulana wa mwisho kwenye mstari amevaa kaptula mbili. Aliye mbele yake anasugua viganja kwenye mapaja vipate joto kabla ya kuvinyoosha. Binti aliyeteka maji kwanza ndipo akatembea kilomita sita anapata viwili, sawasawa na jirani wa shule aliyekuwa kibandani anapiga soga. Hakuna anayeulizwa ametoka wapi. Hakuna barua ya uteuzi, hakuna kitabu. Watoto arobaini, dakika kumi, kazi imekwisha.

Darasani mambo yanaendelea: aliyekosa hesabu, aliyesahau daftari, aliyesikika akiongea Kiswahili nje ya kipindi cha Kiswahili, aliyevaa soksi za rangi nyingine, hata ambaye mzazi wake hajatoa hela ya mtihani wa majaribio. Kosa kubwa liko wapi hapo? Anayevitetea viboko vya namna hii kwa kusema sheria inaruhusu anaisingizia sheria. Kile inachoruhusu ni kitu adimu, cha polepole na chenye kumbukumbu. Kile anachokitetea ni desturi ya kila siku isiyo na shahidi.

Tunaambiwa viboko vinafundisha. Ni kweli, vinafundisha, ila somo lenyewe halimo kwenye muhtasari wowote. Chukua karatasi ya majina ya wapiga kelele. Mwalimu akitoka, monita anasimama mbele na kalamu. Jina lako likiandikwa utachapwa. Likitiwa alama ya mkasi pembeni, utachapwa zaidi. Aliyegombana naye jana anaandikwa hata kama ameinamia daftari. Rafiki yake anapiga kelele apendavyo. Mwenye pakiti ya ubuyu anafutwa. Mwalimu akirudi, anasoma orodha kutoka juu hadi chini, na hakuna rufaa. Mtoto wa miaka 10 anajifunza pale pale jinsi ya kumnunua mwenye mamlaka, jinsi ya kumbambikia mwenzake kosa, na kwamba aliyewahi kushtaki ndiye aliyeshinda. Baada ya miaka ishirini tunakodi ukumbi wa mikutano kujadiliana rushwa imetoka wapi.

Na darasa likinyamaza, linamnyamazia nani? Yule anayechapa. Akiingia mwalimu mpole wa kipindi kinachofuata, kelele zinarudi maradufu, kwa sababu watoto wamezoeshwa kumwogopa mtu, hawakuzoeshwa kuiheshimu kazi. Woga unahitaji mlinzi saa zote. Mwanafunzi mwenye nidhamu hukaa kwenye kitabu chake hata mwalimu akiwa ameenda wilayani kufuatilia mshahara.

Utetezi unaopendwa kuliko wote ni huu: sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Msemaji kwa kawaida yuko kwenye kiti kizuri. Ni ofisa, mchungaji au mfanyabiashara. Lakini wenzake wako wapi? Darasa lake lilikuwa na mtoto aliyezichoka fimbo za hesabu, akaacha shule darasa la tano, akaenda kuchunga, kuvua dagaa au kuuza karanga stendi. Huyo haitwi kwenye mdahalo wa redio aeleze fimbo ilimfanya nini. Tunawahesabu waliovuka mto, kisha tunatangaza kwamba mto hauna mamba. Na hao waliovuka hawakuvushwa na fimbo peke yake. Walikuwa na mama aliyeamka alfajiri kukaanga vitumbua vya ada, na mwalimu mmoja aliyewaazima kitabu. Kwa nini sifa zote uchukue mti wa mpera?

Wengine wanatuonyesha Kenya. Wenzetu, wanasema, walipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, Katiba yao ya 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 zikakazia, na ona mabweni yanavyoungua. Mwaka 2021, baada ya mfululizo wa moto shuleni, hata Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alitaka viboko virudi. Lakini maafa hayakungoja marufuku. Julai 1991, katika Shule ya Mtakatifu Kizito huko Meru, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Mei 1999, viranja wanne wa Shule ya Upili ya Nyeri walichomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa chumbani mwao usiku. Yote hayo yalitokea fimbo ikiwa halali na ikiwa kazini. Kama haikuyazuia ilipokuwa kazini, kwa mantiki gani tunalaumu kustaafu kwake?

Kwetu, ambako haijastaafu, mabweni yanaungua pia. Oktoba 2019 yaliungua ya Shule ya Sekondari Kiwanja, wilayani Chunya. Aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, alifika na kuwachapa wanafunzi 14 mbele ya kamera, na Rais John Magufuli akampongeza hadharani. Rudi kwenye kanuni: mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa kwa maandishi. Mkuu wa mkoa hayumo. Wanafunzi waliotuhumiwa kuvunja sheria za shule walifunzwa sheria na mtu aliyekuwa anaivunja, na nchi ikapiga makofi. Kilichowaingia vijana wale ni kwamba mwenye nguvu hahitaji kusoma kanuni.

Hayo si ya Chunya peke yake. Oktoba 2016 tuliona video ya mwanafunzi wa sekondari ya kutwa jijini Mbeya akishambuliwa na walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Agosti 2018, mwanafunzi wa miaka 13 wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Januari 2023 ikaja video nyingine, kutoka Kyerwa mkoani Kagera, watoto wakichapwa kwenye nyayo.

Kila mara tunaambiwa hao ni wachache waliopitiliza. Sidhani kama yupo hata mmoja kati yao aliyeamka asubuhi akinuia kupitiliza. Kanuni inamtaka mtu aliyekasirika ahesabu mpaka nne, apime umri wa mtoto, apime afya yake, kisha akae aandike. Anayeweza kufanya yote hayo hasira imeshamtoka, na hana haja tena ya kuchapa, anaweza kuzungumza. Asiyeweza hazuiwi na kanuni. Ndiyo maana masharti haya, pamoja na busara yote iliyomo, hayajawahi kufanya kazi na hayatafanya. Yanamtaka mwenye fimbo asiwe mtu anayehitaji fimbo.

Halafu kuna wa mila. Mchelea mwana kulia, wanatukumbusha, hulia yeye. Sawa, lakini methali haikutaja fimbo. Ziko njia nyingi za kumkatalia mtoto jambo mpaka akalia machozi, bila kumgusa. Na shule hii ya kengele, paredi na kitabu cha viboko tuliirithi kwa wakoloni. Mjerumani aliwachapa watu wazima ishirini na tano tano hadharani. Mwingereza akaileta fimbo yake darasani. Huyo Mwingereza ameipiga marufuku katika shule zake za umma tangu 1987. Tumebaki tunaulinda urithi ambao mwenyewe ameutupa, na tunauita wetu.

Walimu siwabebeshi mzigo wote. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016, watoto walimiminika shuleni, jambo jema, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Wako walimu wanaosimama mbele ya watoto zaidi ya mia moja kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya arobaini na watano, wengine wamekaa sakafuni. Mwalimu wa namna hiyo anapoinua fimbo si lazima awe katili. Ameshika kifaa pekee ambacho hakikusubiri bajeti. Hapo ndipo lawama inapowageukia wakubwa. Fimbo ni nafuu. Kiongozi anayeitetea anajipunguzia deni la kuajiri walimu, la kujenga madarasa, na la kumpa mwalimu wa ushauri nasaha muda na chumba cha kukaa na mtoto, badala ya kumbandika cheo hicho mtu mwenye vipindi thelathini kwa wiki. Mwalimu anayeishangilia fimbo anashangilia kutelekezwa kwake.

Kuondoa fimbo si kuondoa adhabu. Mchelewaji afidie muda wake jioni, na akichelewa mara ya tatu mzazi aitwe. Ikijulikana kwamba anateka maji kabla ya kuja shule, hilo ni la mzazi na mwenyekiti wa kijiji kulijibu, si la viganja vya mtoto. Aliyevunja dawati alirudishe likiwa zima. Anayewaonea wadogo asimamishwe masomo kwa uamuzi wa bodi, mzazi wake akiwa kikaoni. Aliyechoma bweni ana polisi na mahakama. Sheria za shule ziwe chache, zibandikwe ukutani kwa lugha anayoielewa mtoto, zimbane mtoto wa diwani kama zinavyombana mtoto wa muuza mkaa. Tusidanganyane pia kwa kuweka fimbo chini na kuokota kuruka kichura, kupiga magoti juani au kung'oa kisiki. Ndiyo, njia hizi zinamchosha mwalimu kuliko viboko viwili vya haraka. Kulea kunachosha, na ni sehemu ya kazi anayolipwa kuifanya.

Ninachokitaka ni Kanuni za 2002 zifutwe, na zisiandikwe nyingine za kuhesabu viboko. Mpaka zifutwe, wanaoamini fimbo wafanye jambo moja la haki: wadai zifuatwe zote. Mzazi, kwenye kikao kijacho simama umwombe mwalimu mkuu kitabu cha viboko. Soma majina, makosa na idadi. Kama kipo na kimejazwa, utamwona mtoto anayechapwa kila wiki kwa kosa lile lile, na utajua kwamba fimbo imeshindwa. Kama hakipo, basi viboko vyote vilivyochapwa mwaka huu vimevunja kanuni, na anayevitetea hana tena la kutuambia kuhusu nidhamu.