MAFUTA YA KULA KATIKA INJINI: NANI ATALIPA?



Katika magereji ya Ndeeba na Katwe, na hata katika karakana za viwanda vyetu, husikika maneno mengi kwamba gari la dizeli laweza kwenda kwa mafuta ya kula. Wengine wanacheka. Wengine wameamini mno. Mwenzetu mmoja, dereva wa pikapu ya kiwanda, alimimina mafuta mapya ya kupikia katika tangi wakati dizeli ilipokuwa adimu. Gari lilikwenda kwa muda, kisha likaanza kutoa moshi mzito, na asubuhi moja likakataa kuwaka. Tajiri wake akamkata mshahara kulipia nozo. Kwa hiyo jambo hili si mchezo, na sisi wa chama twaona yafaa tuseme neno letu.

Kwanza tukubali ukweli: jambo lenyewe lawezekana, wala si jipya. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina aliyoivumbua Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka ijaribiwe, maana ilifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilikuwa nyingi. Injini ile ilikuwa imeundwa kwa mafuta ya ardhini, lakini ilikubali mafuta ya karanga bila kubadilishwa kitu.

Basi kwa nini pikapu ya mwenzetu ilikufa? Kwa sababu mafuta ya mimea ni mazito kuliko dizeli mara kumi au zaidi. Yakiwa baridi, nozo haiwezi kuyarusha kama moshi mwembamba. Huyatupa kama matone, nayo hayaungui sawasawa. Masizi hushika kwenye nozo, ringi za pistoni hunata, na mafuta yasiyoungua huingia katika oili ya injini na kuifanya nzito kama uji. Mafundi wanaoijua kazi hii huweka tangi la pili. Gari huwashwa kwa dizeli. Maji ya moto ya injini hupitishwa kando ya mafuta ya mimea hadi yafike nyuzi 70 au 80 na kuwa mepesi, ndipo dereva anageuza bomba. Kabla ya kuzima, hurudisha dizeli ili isafishe njia. Injini za zamani zenye chumba kidogo cha kuwashia huvumilia zaidi. Injini mpya za pampu ya nguvu nyingi huharibika upesi.

Iko njia nyingine, nayo ni kuyabadili mafuta yenyewe yawe mepesi. Huchanganywa na spiriti ya methanoli na kostiki soda, na mwisho hupatikana dizeli ya mimea juu na gliserini chini. Tunawaonya ndugu zetu: methanoli ni sumu. Hupofusha macho na kuua, nayo hushika moto upesi. Mwaka 2010 kule Kabale na Kamwenge watu wengi walikufa kwa kunywa waragi iliyochanganywa na sumu hiyo. Kostiki soda nayo huchoma ngozi na macho. Kazi hii si ya kufanywa uani kwa ndoo na mikono mitupu.

Tunaelewa kwa nini watu wanaitafuta njia hii. Uganda haina bandari ya baharini, na petroli na dizeli yetu kwa sehemu kubwa hupitia Kenya. Januari 2022 madereva wa malori walipogoma mpakani Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya korona, nchi ilikauka kwa siku chache tu, na petroli ikafika shilingi 10,000 kwa lita mahali pengine. Mfanyakazi aliyekuwa akilipa nauli ya matatu ndiye aliyeumia. Kwa hiyo anayesema tujitafutie mafuta yetu wenyewe hasemi upuuzi.

Lakini miezi michache baadaye tulipata funzo la pili. Mwishoni mwa Aprili 2022 Indonesia ilifunga kwa muda usafirishaji wa mafuta ya mawese. Vita vya Ukraine vilikuwa vimekwisha kupunguza mafuta ya alizeti duniani. Bei ya mafuta ya kula na ya sabuni ya mche ikapanda hapa kwetu hadi akina mama wakaanza kununua mafuta kwa kipimo cha kijiko. Hapo tuliona kwamba kikaango cha mfanyakazi na soko la dunia vimefungwa kwa kamba moja.

Sasa tupige hesabu. Kutoka Kampala hadi Jinja ni kama kilomita 80. Pikapu inayotumia lita 10 kwa kilomita 100 itamaliza lita 8 kwa safari hiyo moja, bila kurudi. Nyumba inayotumia nusu lita ya mafuta kwa juma ingekula lita hizo 8 kwa majuma 16, yaani karibu miezi minne. Tajiri mwenye motokaa akianza kushindana na mama mwenye kikaango kwa mafuta yale yale, twajua nani atashindwa.

Historia nayo yatufundisha. Mwaka 1938 basi moja liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain kule Ubelgiji kwa mafuta ya mawese yaliyobadilishwa kwa spiriti. Wataalamu walifurahi. Lakini mawese ya Ubelgiji yalitoka Kongo, ambako tangu 1911 kampuni ya Lever ilikuwa imepewa ardhi kubwa, na watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata mikungu kwa malipo duni. Mwaka 1931 Wapende wa Kwilu waliasi, na kazi hiyo ya mawese ilikuwa moja ya sababu. Basi lilikwenda vizuri, na aliyeyakata mawese hakulipanda.

Wala si mambo ya wakoloni peke yao. Kule Kisarawe, Tanzania, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili ipande mbono kaburi, mmea ambao mafuta yake hayaliwi, kwa ajili ya injini. Mwaka 2011 kampuni ilianguka. Mamia ya wafanyakazi wakakosa kazi, na wanavijiji wakabaki wakidai ardhi na fidia. Kwa hiyo hata mmea usioliwa huweza kula shamba la chakula.

Hapa Uganda tunayo michikichi ya Kalangala katika kisiwa cha Bugala, ambako msitu ulikatwa ili shamba lipatikane. Mawese hukamuliwa huko kisiwani, kisha hupelekwa Jinja kusafishwa. Tena tunayo Sheria ya Nishati ya Mimea ya mwaka 2020, inayoruhusu mafuta ya mimea kuchanganywa na ya ardhini. Tunauliza: siku mafuta haya yatakapotakiwa na magari, je, mkata mikungu na mkulima mdogo wataongezewa kitu? Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Bunge lilipitisha mswada wa kukibadilisha mwaka 2019, lakini haukutiwa sahihi. Shilingi 6,000 leo hazinunui hata lita mbili za mafuta ya kula.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Hatupingi mafuta ya mimea katika injini. Tunataka yaanze na mafuta yaliyokwisha kazi. Mahoteli, wauza chipsi, na majiko ya viwanda hutupa mafuta machafu, au vibaya zaidi, huyauza yarudi kukaangia chapati na mandazi tunayokula sisi. Mafuta hayo yakusanywe kwa bei ya haki, yachujwe, yatolewe maji yasije yakatia pampu kutu, ndipo yaendeshe malori. Pili, mafuta mapya yasiingie tangini wakati nchi inaagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Tatu, popote yanapotengenezwa, mfanyakazi apewe glavu, miwani na mafunzo, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyomtaka mwajiri. Nne, dereva asikatwe mshahara kwa majaribio ya tajiri. Tano, wakati kanuni za kuchanganya mafuta zinapojadiliwa, vyama vya wafanyakazi viwe mezani, si mlangoni.

Ndugu, mafuta yatokayo shambani ni jasho la mtu kabla hayajawa moto wa injini. Katika mkutano wa tawi lako, ulizeni jikoni mwa kiwanda chenu mafuta machafu huenda wapi, na nani huyanunua. Jibu mtakalopata lileteni chamani.