Dagaa Mzima, Kichwa na Mwiba

Nauza dagaa mwalo wa Katonga tangu niolewe, na wateja wa siku hizi wamezidi kuchagua. Juzi dada mmoja alisimama mezani kwangu akinyofoa vichwa, kimoja kimoja, anatupa. "Vichungu, mama." Haya, mdomo ni wake. Ila alichotupa ndicho ambacho wenye uwezo wanakinunua duka la dawa: kalsiamu, madini ya mifupa.

Mwaka 2025 watafiti wa Oxford, waliofuatilia wanawake zaidi ya 540,000 huko Uingereza, walieleza kuwa kila miligramu 300 za ziada za kalsiamu kwa siku, sawa na glasi kubwa ya maziwa, ziliendana na hatari ya saratani ya utumbo mpana kupungua kwa asilimia 17. Inadhaniwa kalsiamu hushikana na asidi za nyongo zisiuchome utumbo. Kuendana si kuthibitisha, najua, na wenzetu wale walikunywa maziwa. Kwetu maziwa ni ya kupaka chai rangi tu. Dagaa wa mawese analiwa na mifupa yake, kwa ugali wa muhogo.

Soseji, ambazo vijana wanaziona ndiyo maendeleo, Shirika la Afya Duniani liliziweka mwaka 2015 pamoja na nyama nyingine za kusindikwa kwenye kundi la visababishi vya saratani hiyo. Na ukiona damu chooni, nenda ukapimwe. Dagaa si dawa.

Halmashauri ikipanga chakula cha shule, ianze na dagaa wa chanja. Hao hawana mchanga.