Mvutaji wa Sigara na Bangi: Tusimfukuze, Tumsaidie Aache Vyote Viwili



Miaka kadhaa iliyopita, iqama ya sala ya Magharibi ikiwa inakaribia, kijana mmoja wa mtaani kwetu aliingia msikitini akasimama safu ya nyuma. Nguo zake zilinuka moshi. Mzee mmoja akamgeukia, akamwambia mbele za watu kwamba nyumba ya Mwenyezi Mungu si mahali pa wavuta bangi. Kijana hakujibu. Alichukua kandambili zake akaondoka. Sisi wengine tulinyamaza, na mimi mwandishi wa makala hii nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Baada ya Isha nilimfuata nyumbani kwao. Akaniambia neno ambalo halijanitoka moyoni hadi leo: kwamba ile ilikuwa siku yake ya tatu tangu aache sigara, na alikuja msikitini kuomba dua ili asirudie. Moshi uliokuwa ukinuka ni wa bangi, ambayo aliibakiza kwa kudhani kwamba itamsaidia kuivumilia kiu ya sigara.

Katika kisa hiki yamo makosa mawili. La kwanza ni la kijana, nalo lilitokana na kutojua. La pili ni letu, nalo ni kubwa zaidi, maana sisi tulijua wajibu wetu kwa ndugu yetu tukauacha. Ningependa tuyatazame yote mawili.

KUACHA KIMOJA NA KUBAKIZA KINGINE

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Msemo huo haufai hapa. Moshi hauwi dawa ya moshi.

Kinachomfunga mvutaji wa sigara ni nikotini iliyomo katika tumbaku. Kinachomlevya mvutaji wa bangi ni kemikali nyingine, iitwayo THC. Ni vitu viwili tofauti, lakini kwa mtu anayetumia vyote viwili huwa kama nyuzi mbili zilizosokotwa zikawa kamba moja. Wengi huchanganya tumbaku ndani ya msokoto wa bangi. Mtu wa namna hiyo akisema ameacha sigara, bado mwili wake unapokea nikotini kila awashapo msokoto, na kiu yake haifi. Wengine hawachanganyi, lakini kila wamalizapo bangi huwasha sigara. Kwao, kuvuta kimoja ni kukiita kingine. Hata yule avutaye bangi tupu, mkono ni ule ule, kiberiti ni kile kile, kijiwe na marafiki ni wale wale. Isitoshe, akili ikishalewa, ile azma aliyoifunga asubuhi hulegea jioni.

Kinyume chake pia ni kweli. Aachaye bangi na kubakiza sigara mara nyingi hujikuta anaongeza idadi ya sigara kwa siku. Watabibu wanaowahudumia watu wa aina hii wameliona jambo hilo mara nyingi. Tena imeonekana kwamba kumtibu mtu tumbaku wakati anapotibiwa ulevi mwingine hakuharibu matibabu yake ya ule ulevi. Kwa hiyo ile kauli tunayowaambia vijana, kwamba "wewe acha bangi kwanza, sigara si neno," ni nasaha mbovu.

Je, ni lazima aache vyote siku moja? Awezaye na afanye hivyo, ni bora kwake. Asiyeweza na aanze na kimoja, kwa sharti kwamba siku ya kuacha cha pili iandikwe tangu mwanzo, iwe karibu, na wajue watu wanaomsaidia. Tunajua sote jinsi ulevi ulivyoharamishwa. Kwanza ilibainishwa katika Sura Al-Baqara kwamba madhara yake yanazidi manufaa yake, kisha katika Sura An-Nisaa waumini wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, na mwishowe katika Sura Al-Maida mlango ukafungwa kabisa. Hatua zilikuwapo, lakini zilikuwa na mwisho. Haifai mtu kuzifanya hatua hizo kuwa kisingizio cha kutofika.

YATAKAYOMPATA SIKU ZA MWANZO

Wengi hurudia kwa sababu hawakuambiwa mapema kitakachowapata. Kiu ya nikotini huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, huwa kali kabisa katika siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua kwa muda wa wiki mbili hadi nne. Ya bangi huchelewa kidogo, kwa kuwa THC hukaa katika mafuta ya mwili na hutoka polepole. Huanza siku ya kwanza au ya pili, huwa nzito katika wiki ya kwanza, na huendelea kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi hukatika, ndoto huwa za kutisha, hamu ya chakula hupotea, jasho humtoka, na hasira humpanda bila sababu.

Basi aachaye vyote viwili hupigwa na mawimbi mawili katika wiki moja. Mke wake na wazazi wake wajue kwamba ile hasira ni ya ugonjwa, na kwamba itapita. Kila kiu inapomjia hudumu dakika chache tu. Katika dakika hizo na anywe maji, atie udhu, atembee, atafune kitu, amtaje Mola wake, mradi asikae bure wala asiende kijiweni.

Yapo mambo mengine mawili ambayo watu hawayajui. Moshi hulifanya ini liyeyushe kahawa upesi. Mtu akiacha kuvuta, kahawa ile ile aliyoizoea barazani hukaa mwilini muda mrefu zaidi, moyo ukamwenda mbio na usingizi ukamtoka, naye akadhani ni sigara anayoihitaji. Apunguze kahawa kwa nusu. Kadhalika, baadhi ya dawa za maradhi ya akili huongezeka nguvu mwilini mtu aachapo kuvuta. Anayetumia dawa hizo amwambie daktari wake kabla ya siku ya kuacha.

Na bishara njema zipo. Ndani ya siku moja tu ile hewa ya sumu itokanayo na moshi hupungua sana katika damu. Baada ya mwaka mmoja bila sigara, hatari ya maradhi ya moyo hushuka hadi kiasi cha nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka kumi, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka hadi kiasi cha nusu.

DAWA NA HOSPITALI

Kutafuta tiba ni katika mafundisho ya Mtume wetu (s.a.w.), wala si upungufu wa imani. Kwa upande wa tumbaku, Shirika la Afya Duniani liliingiza ubani na plasta za nikotini katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, likaongeza dawa za varenicline na bupropion mwaka 2021, na mwaka 2024 likatoa mwongozo kamili wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Dawa hizi hazipatikani katika kila duka la dawa, na baadhi ni ghali, lakini ni vyema kumuuliza daktari. Kwa upande wa bangi, hadi sasa hakuna dawa iliyothibitishwa ya kukata kiu yake. Kinachosaidia ni ushauri wa mtaalamu, unaorudiwa kwa wiki kadhaa, unaomfundisha mtu kuyajua mazingira yanayomrudisha na namna ya kuyaepuka. Wapo wanaodhani kwamba methadoni inayotolewa katika kliniki kama ile ya Muhimbili, iliyoanza mwaka 2011, ni ya kila mlevi. Sivyo. Hiyo ni kwa wanaotumia heroini na jamii yake.

Kwa ushauri, tuanzie hospitali iliyo karibu. Hali ikiwa nzito, zipo hospitali za maradhi ya akili kama Mirembe mjini Dodoma na Kidongo Chekundu huko Zanzibar. Na kijana akianza kusikia sauti zisizokuwapo, au kuwashuku watu wa nyumbani kwake kwamba wanataka kumuua, asifungiwe chumbani akasomewa tu. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kisomo na hospitali havigombani.

KOSA LETU SISI WA MSIKITINI

Mzee wetu alitumia hoja ambayo wengi huitumia, kwamba Mtume (s.a.w.) alimtaka aliyekula kitunguu au thumu asiukaribie msikiti. Hadithi hiyo ni sahihi, na harufu ya moshi inaudhi zaidi. Lakini makusudio yake ni kuwaondolea watu udhia, si kumwondolea mtu msikiti. Aliyekula thumu hunawa, hupiga mswaki, hurudi. Vivyo hivyo kijana yule angeweza kuelekezwa kwa sauti ya chini penye maji, akapewa kanzu safi, akaswali pamoja nasi.

Tukumbuke pia ile hadithi aliyoipokea Imam Bukhari, ya mtu aliyeletwa mbele ya Mtume (s.a.w.) mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe. Mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya kosa ilikuwapo, lakini laana ilikataliwa, na mtu yule hakutolewa katika jamaa.

Wapo pia miongoni mwetu wanaoilaani bangi huku pakiti ya sigara imo mfukoni mwa kanzu. Ni kweli kwamba bangi inalevya na hukumu yake iko wazi, na kuhusu tumbaku, ambayo ilitoka Amerika karne nyingi baada ya Mtume, wanazuoni wamehitilafiana baina ya makuruhu na haramu. Lakini tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 duniani kila mwaka, na Qur'ani imetukataza tusijiangamize wenyewe. Baba avutaye sebuleni hana ulimi wa kumkanya mwanawe. Na muuza duka Mwislamu amwuziaye sigara mtoto wa chini ya miaka 18 anavunja sheria ya Tanzania ya mwaka 2003, na anamfungulia mtoto huyo njia ya kwenda kwenye msokoto.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tutunze siri. Bangi ni kosa la jinai, na mtu hatatoka mafichoni akihofia kwamba habari zake zitafika kituoni au sokoni kabla ya alfajiri.

Pili, imamu na kamati ya msikiti wateue watu wawili kwa kila anayetaka kuacha, na itakuwa heri mmoja wao awe aliyewahi kuvuta akaacha. Wamwone kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha kila Ijumaa kwa miezi mitatu. Kina mama nao wawe na watu wao, kwani wanawake wanaovuta wapo, nao hujificha zaidi.

Tatu, tumpe mahali pa kukaa katika saa zile alizokuwa akienda kijiweni. Ikiwa ni baina ya Magharibi na Isha, na apewe darasa, au kazi ya kupanga vitabu, au kufundisha watoto hesabu. Kumkataza kijiwe bila kumpa baraza ni kumwacha njiani.

Nne, tuitumie Ramadhani. Mvutaji afungaye hukaa zaidi ya saa 13 bila moshi, kwa hiyo amekwisha kujithibitishia kwamba anaweza. Tatizo liko baada ya futari, ambapo wengi huvuta kufidia mchana. Basi maandalizi yaanze Shaabani: siku itajwe, wasaidizi wateuliwe, daktari aonwe, na usiku wa Ramadhani umkute ana watu.

Tano, akianguka tumpokee. Walio wengi hujaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu. Tumwulize alikuwa wapi, na nani, saa ngapi, ili mara ya pili tulizibe tundu hilo. Mlango wa toba haukuwekwa chini ya ulinzi wetu tuufunge tutakapo.

Yule kijana wa safu ya nyuma alirudia sigara kabla ya wiki kwisha. Hadi leo anavuta vyote viwili, na msikitini haonekani ila siku ya Idi, tena nje. Mwezi huu nilikwenda kwake tena, nikamwomba radhi kwa ukimya wangu wa siku ile. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba yuko tayari kujaribu mara nyingine, lakini hataingia msikitini peke yake. Nimemwahidi nitampitia Ijumaa. Kinachobaki ni namna nyinyi, ndugu zangu wa safu, mtakavyompokea.

Mwenyezi Mungu awaponye ndugu zetu waliofungwa na uraibu huu, na atujaalie sisi kuwa sababu ya kurudi kwao wala si ya kupotea kwao. Amin.