SAA YA KUJITENGENEZEA: TAHADHARI KABLA YA HATARI

Wasomaji wenzangu, wengi mumeniuliza kovu hili la mkono wa kushoto limetoka wapi. Jibu langu ni hili.

Muhula uliopita nilijitengenezea saa ya mkono: chipu moja, taa za tarakimu, kitufe na ukanda wa ngozi. Ikabaki betri. Basi nikashuka Marikiti. Fundi mmoja kando ya soko akanitolea betri kuukuu ya simu, imevimba tumbo kama kitumbua. "Chukua, mwanangu, hii utachaji mpaka uchoke." Nikalipa, nikaondoka nikicheka. Siku ya tatu jasho la joto letu likaingia kwenye nyaya, ikapiga shoti. Kabla sijafungua ukanda, nilikuwa nimeshaungua.

Kwa maoni yangu, betri ya simu ya kuokoteza isivaliwe kabisa. Ni ya lithiamu, ikijaa hufika kama volti 4.2, na nguvu zake zapita mno kazi ya saa. Ikitobolewa, ikipigwa shoti au ikizidishiwa chaji, yaweza kuwaka moto. Ikiwaka mezani utaikimbia. Ikiwaka mkononi utaikimbiaje?

Tumieni betri bapa kama sarafu, ile iliyoandikwa CR2032. Hiyo 20 ni upana wake, milimita 20. Na 32 ni unene, milimita 3.2. Hutoa volti 3. Najua wapo watakaosema, ati hiyo huisha upesi. Kweli, taa zikiwaka kutwa kucha haitafika mbali. Lakini jamani, nani atazamaye saa kutwa kucha? Yangu sasa nabonyeza kitufe, taa zawaka sekunde 3, zazima, chipu yalala. Hivyo betri hudumu miezi.

Nayo ina masharti. Usiichaji, haikuundwa kwa kuchajiwa. Usiilehemu waya moja kwa moja, yaweza kupasuka. Itie kwenye kishikio chake. Kifuniko kifungwe kwa skrubu, maana mtoto akiimeza ikakwama kooni, yaweza kumuunguza vibaya ndani kwa muda wa saa 2 tu.

Walimu wetu wa fizikia, ombi letu ni mutukague nyaya kabla hatujavaa. Msitukataze, tukagueni.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikupata wa kunambia. Nyinyi mumeambiwa.